Kisu cha Orikalko

Cassimo mwana wa Atumane alizaliwa kwenye moshi, na moshi ukamkataa. Baba yake alikuwa mhunzi pale Mute, kando ya barabara kubwa, fundi wa majembe na mapanga, na babu yake vilevile. Lakini Cassimo akiisogelea mivukuto kifua kinambana, anaanza kupiga miluzi. Pumu, si mchezo. Mzee Atumane alimnywesha kila mzizi unaojulikana kuanzia pwani mpaka Pundanhar, wapi! Mwisho akampeleka shule, akasema, "Kashike kalamu, ncha yake nayo ni chuma." Watu wakaangua kicheko. Cassimo alikwenda nyuma ya nyumba akalia, na kicheko kile hakukisahau hata alipoota ndevu.

Kwa hiyo msiwe wepesi wa kumcheka mkisikia kwamba kisu chake cha kwanza alikifua ndani ya kompyuta. Mtu hula kwa mkono alio nao.

Ulikuwa mwaka wa gesi. Palma yote ilikuwa gesi: sokoni gesi, msikitini gesi, hata walevi wakitukanana walitukanana kwa gesi. Meli ya kutoboa ilisimama kule nje baharini, wageni wakapanga mpaka mabanda ya kuku, na mnara wa mtandao ukasimamishwa juu ya mji. Wakubwa wakaitisha mkutano. Bwana mmoja mwenye koti akaeleza kwamba utajiri umelala chini ya bahari, chini ya mchanga wa bahari, chini ya mwamba. Mzee Atumane akanyoosha mkono.

"Ni mali ya nani hiyo?"

"Ya wananchi wote, mzee wangu."

"Nitajie mmoja."

Watu wakacheka mpaka wengine wakaanguka na viti vyao, lakini mzee hakuwa akitania. Kwao uhunzini chuma hakipigwi kabla mwenyewe hajatajwa. Mhunzi anakivuta motoni kikiwa chekundu, anasema, "Hili la Adamo," au, "Hili la mama Esperança," ndipo nyundo inashuka. Chuma kisicho na mwenyewe, husema, kitajitafutia. Na upo mwiko mmoja uliopita yote: aliye tumboni hatajwi. Kisu cha kumkatia kitovu kinafuliwa kimya, kinatiwa mtungini, kinangoja majini mpaka mtoto alie.

Haya yote Cassimo aliyajua tangu hajatahiriwa. Kujua ni kitu kimoja, na kukumbuka ukiwa na furaha ni kitu kingine.

Kazi aliipata ofisini kwa utawala wa wilaya, msaidizi wa Gilberto. Huyu Gilberto alikuwa fundi wa kompyuta aliyetumwa kutoka Inhambane, mtu mnene, mwema, mlalamishi. Jua la Palma lilimkera, mbu walimkera, na saa ya chakula cha mchana alijifungia kwenye chumba chake kidogo akacheza mchezo mmoja wa mtandaoni uitwao Falme za Chini. Dunia nzima ilikutana mle: Wabrazili, Wareno, Waangola, kila mtu na mtu wake wa kuchorwa, wakichimba migodi, wakifua silaha, wakipigana. Gilberto alipenda kupigana. Kufua kulimchosha, maana mchezo ule haukuwa na mzaha: usipoutunza moto kwa saa nzima, kazi yote imeharibika.

"Epá, Cassimo," akasema siku moja, "wewe si mtoto wa mhunzi? Njoo unifulie, kaka."

Cassimo akakaa. Akaikuta fuawe, akaikuta koleo, akaikuta mivukuto. Moto ukawaka kwenye kioo, mwekundu, kisha wa manjano, kisha mweupe, na kifua chake kikabaki wazi. Mle ndani hapakuwa na moshi. Alivuta pumzi, akafua mpaka saa ya kazi ikarudi, na tangu siku hiyo chakula cha mchana hakukijua tena.

Katika Falme za Chini kulikuwa na madini ya aina moja ambayo kila mchezaji aliyasikia na hakuna aliyeyashika: orikalko. Yalisemwa kuwa yamelala chini ya bahari ya mchezo, yalikuwapo kabla ya watu, rangi yake ni ya shaba lakini yakipata moto yanatoa mwanga wa samli. Chama cha Gilberto, kundi lake la wachezaji mle ndani, kilichimba miezi na miezi. Waliyapata wiki ileile ambayo watu wa Palma walitangaziwa kwamba meli imefika kwenye gesi tele. Kipande chenyewe, kidogo, cha kutosha silaha moja tu, kikaletwa kwa mhunzi wa chama. Mhunzi ni nani? Cassimo.

"Upanga," Gilberto akamwagiza. "Mrefu, unisikie? Mimi naitwa kwenye kikao."

Basi Cassimo akabaki peke yake na ule moto. Nyumbani mkewe, Zubeida, alikuwa na mimba yao ya kwanza, tumbo limeshatangulia mlangoni kabla yake. Na kila mhunzi, mtoto wake wa kwanza humfulia kisu cha kitovu kwa mkono wake mwenyewe. Cassimo angefua nini, na kwa kifua gani? Mzee angefua, na watu wangekumbuka tena habari ya kalamu. Orikalko ikaanza kung'aa. Ikatoa sauti pia, mvumo wa chini sana, ambao hakuusikia kwa masikio hasa, aliusikia kwenye meno. Mkono wake ukaenda wenyewe. Hakufua upanga. Alifua kisu kidogo, kipana tumboni, chembamba shingoni, kama vile vya baba yake.

Kabla ya nyundo ya mwisho kisanduku kikafunguka: Jina?

Wachezaji wengine pale huandika jina la silaha. Radi ya Kaskazini, Mla Wafalme, upuuzi wa namna hiyo. Lakini mtoto wa mhunzi akiulizwa jina chuma kikiwa motoni anajua jambo moja tu, naye akaandika jina la mwenyewe. Waliazimia, au tuseme yeye aliazimia, kwamba mtoto akiwa wa kike ataitwa kwa jina la marehemu mama yake yeye Cassimo. Akaandika: Ancha.

Nyundo ikashuka. Maandishi ya Kireno yakatokea chini ya kisu: kimefungwa na roho ya Ancha.

Gilberto aliporudi nusura alie. "Kisu cha kumenyea maembe! Miezi yote ile, kisu cha maembe!" Cassimo akamwonyesha yale maandishi, moyo ukimdunda. Gilberto akapunga mkono: silaha zote kubwa huandikwa hivyo, maana yake haiwezi kuuzwa wala kuibwa, basi. Kesho yake akakijaribu vitani, na kile kisu kikapita ngao za watu kama vile hazipo. Gilberto akasahau upanga. Akawa mtu mkubwa kwenye chama chake.

Siku chache baadaye Cassimo akafungua mchezo, akamkuta mtu kando ya tanuri.

Alikuwa amejikunja sakafuni, magoti kifuani, mgongo kwenye joto. Juu yake, kama ilivyo kwa kila mchezaji, liliandikwa jina: Ancha. Uso haukuwapo. Pale penye uso palikuwa laini tu.

"Mchezaji mwingine," Gilberto akasema. "Mbrazili fulani anatutania."

"Mbona mdogo hivi?"

Gilberto akasogea karibu na kioo, kwa sababu mchezo ule haukuwa na watoto. Unachagua mtu mrefu, mfupi, mnene, mzee. Mtoto huwezi kumchagua. Akamwandikia salamu. Hakuna jibu. Akabonyeza kutazama anatoka nchi gani na alijiunga lini, sehemu zote zikawa tupu. Akafunga mashine akasema mtandao wa siku hizi hauaminiki.

Kila mchana alikuwapo. Na kila baada ya siku chache alikuwa amekamilika zaidi. Kucha zikaja. Masikio yakaja, na sikio la kushoto lilikuwa limekunjika kwa juu, kama la Zubeida. Kisha nyusi. Cassimo alikaa mbele yake bila kugusa kitu, jasho likimtiririka, na alipoinuka kitini yule mtoto aliugeuza uso wake usio na macho kumfuata mpaka mlangoni.

Hapo ndipo Zubeida alipoanza kulalamika. "Mtoto wako amekuwa mvivu," alisema akicheka. Baadaye hakucheka tena. Alikuwa akishinda na mkono upande mmoja wa tumbo, akibonyeza, akingoja. "Hapa pamekuwa kimya, Cassimo. Hapa alikuwa akinipiga mpaka napiga kelele." Wakaenda hospitali. Nesi, dada Glória, akaweka pembe yake ya kusikilizia tumboni, akasikiliza, akasema moyo upo, unapiga vizuri sana, mama akapumzike. Zubeida akamshukuru. Njiani akasema, "Anasikiliza moyo, mimi nasema habari ya mtoto."

Cassimo akauliza, "Huwa kimya wakati gani?"

"Mchana. Ukiwa kazini."

Ee Mwenyezi Mungu. Akakaa chini pale pale njiani, juu ya mchanga wa moto, akamweleza yote, ila jina lenyewe hakulitamka. Zubeida alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amesoma mpaka darasa la kumi, Kireno chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe, na mchezo ni nini alijua.

"Umemtaja mwanangu?" alisema. "Hajalia, hajaoshwa, hajaadhiniwa, wewe umemtaja ndani ya dude la watu?"

"Ulikuwa mchezo tu, Zubeida."

"Kwa nani ni mchezo? Kwako au kwa hicho chuma?"

Hakumtukana, na bora angemtukana. Alivuta kanga yake kichwani akaenda moja kwa moja kutafuta mtu wa kumleta mkwewe kutoka Mute.

Mzee Atumane aliingia ofisini saa ya chakula cha mchana, amevaa kanzu ya Ijumaa, akatoa salaam kwa kila mtu akaulizia tanuri liko wapi. Wakamwonyesha kioo. Gilberto alikuwa ameshikilia msimamo tangu asubuhi: kisu hakiyeyushwi, chama kizima kitamfukuza, haya ni mambo ya ushirikina, yeye ni mtu wa sayansi, pá. Akafungua mchezo awaonyeshe kwamba hakuna kitu.

Ancha alikuwa amesimama. Macho alikuwa nayo sasa, yamefumbwa. Kope zake zilitikisika kidogo, kama za mtu anayekaribia kuamka.

Zubeida akatoa sauti ndogo akashika tumbo. Gilberto akapiga ishara ya msalaba, akainuka, akampisha Cassimo kiti. "Yeyusha," alisema. "Yeyusha, ndugu yangu, chama kiende zake."

Lakini mzee akamshika mwanawe bega. "Polepole. Chuma kikirudi maji, jina linatoka. Litatoka kutafuta mtu. Lisipopata pa kwenda, litakwenda na chuma." Akamgeukia Zubeida, sauti yake ikawa ya upole. "Mwanangu, wewe ndiye nyumba yake. Mwite. Ila usimwite kwa jina lile, lile mumeo ameshakipa chuma."

"Nimwite nani, baba?"

"Kila mama ana jina lake la siri. Wewe huna?"

Zubeida akainamisha kichwa. "Ninalo. Akiwa kazini huyu, mimi nazungumza na mtoto. Namwita Zainabo."

Cassimo hakuwahi kulisikia. Aliona haya, akaona na wivu kidogo, akautia moto. Kisu kikawekwa kwenye chungu cha kuyeyushia. Mvumo ule ukaanza tena, na safari hii wote waliusikia, maana vikombe vya chai vililia mezani. Mwanga wa samli ukajaa kioo. Kisu kikalegea ncha, kikalegea mpini.

"Zainabo!" Zubeida akaita. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Zainabo, mama yako ndiye huyu! Njoo nyumbani, mwanangu, Zainabo!"

Tumbo likaruka. Liliruka waziwazi, kanga ikatikisika, hata Gilberto aliona. Zubeida akapiga kigelegele humo humo ofisini, machozi yanamtoka, na mzee akainua mikono akamshukuru Mungu. Hakuna aliyekuwa akitazama kioo tena isipokuwa mtu mmoja.

Ancha hakuwa ameondoka. Jina la Zainabo halikumgeuza kichwa. Alikuwa amesimama palepale kando ya tanuri, amefumbua macho sasa, anamtazama Cassimo. Alikuwa akingoja. Neno lilimjia Cassimo mpaka ulimini. Alitaka kumwita, Wallahi alitaka. Lakini baba yake alikwishasema jina lile lisitajwe, na nyuma yake watu walikuwa wanacheka kwa furaha, na mtoto alikuwa anapiga teke, sasa angeita nini tena na kwa sababu gani? Akanyamaza. Orikalko ikageuka maji, ikapoteza rangi, ikawa nyeusi. Kando ya tanuri hapakuwa na mtu.

"Ameondoka?" Zubeida akauliza.

"Ameondoka," akajibu.

Wiki zilizofuata zilikuwa njema. Mtoto alicheza tumboni, Zubeida alikula vizuri, Gilberto alifukuzwa kwenye chama chake akaapa kwamba ataanza kulima bustani. Cassimo hakugusa mchezo tena. Upande ule mmoja wa tumbo ulibaki kimya, lakini Zubeida alisema mtoto amechagua pa kulala, na Cassimo akalipokea jibu hilo kwa mikono miwili. Mtu akitaka kuamini, haulizi maswali.

Uchungu ulimshika Zubeida asubuhi, dada Glória akaitwa nyumbani, na kabla ya adhuhuri Zainabo akatoka, mwekundu, mwenye hasira, kilio chake kinasikika mpaka nje barazani. Mzee Atumane alikata kitovu kwa kisu alichokifua kimya. Cassimo aliitwa ndani. Alikuwa amekwishamwekea mtoto mdomo sikioni amwadhinie, dada Glória aliposema, bila kupaza sauti, "Ngojeni. Yupo mwingine."

Palma wakati ule hakukuwa na mashine ya kumwonyesha mama kilicho tumboni, na ile pembe ilisikia moyo mmoja kwa sababu uliokuwa unapiga ulikuwa mmoja. Wa pili alitoka taratibu, bila kumsumbua mama yake. Alikuwa mkubwa sawa na mwenzake. Kucha alikuwa nazo, nyusi alikuwa nazo, sikio la kushoto limekunjika kwa juu, na macho yake yalikuwa wazi. Dada Glória alimpangusa, akampigapiga mgongoni, akampulizia, akajaribu tena, kisha akamlaza kwenye kitambaa na kugeukia dirisha.

Cassimo hakuhitaji kuambiwa. Uso ule aliujua tangu haujaisha kuchorwa.

Walimwosha alasiri. Zubeida alikatazwa kwenda kaburini, akaenda. Alikaa chini kwenye mchanga na Zainabo kifuani, mtoto ananyonya, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia arudi. Mzee Atumane alishuka mwenyewe kaburini kumpokea mjukuu wake. Alipokwisha kumlaza akainua kichwa.

"Mtoto hazikwi bila jina," alisema. "Anaitwa nani?"

Zubeida hakumtazama mtu.

"Analo," alisema. "Baba yake alimpa. Mwambieni amwite."

Cassimo akapiga magoti ukingoni. Jina lile alikuwa ameliandika, hakuwahi kulisema kwa mdomo wake, si ofisini, si nyumbani, wala siku ile mtoto alipokuwa anamtazama. Kifua kikaanza kupiga miluzi. Akavuta pumzi, ikakwama, akavuta tena.

"Ancha," akaita.

Akangoja kidogo, akaita tena kwa nguvu zaidi, halafu tena. Mzee Atumane alimwacha aite mpaka sauti ikamwisha, ndipo akapanda juu na kuanza kufukia.